Kutoonekana Si Kufutwa: Hotuba Kuhusu Ujenzi wa Programu ya Kusawazisha Faili

Waheshimiwa walimu, wahandisi wenzangu, nanyi vijana mnaoanza kazi hii ya kuandika programu, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza. Nimeombwa nieleze namna ya kujenga programu inayosawazisha faili chinichini, yaani ile inayokaa kimya ndani ya kompyuta ikihakikisha kwamba folda iliyopo hapa na folda iliyopo kule zina vitu vilevile, na ambayo mwenyewe huiona tu pale anapofungua ukurasa wake katika kivinjari. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu karibu yote nitakayosema baadaye yalitokana nalo.

Toleo la kwanza la programu yangu lilikuwa na mantiki ambayo niliiona haina dosari. Kila baada ya dakika moja lilipitia folda, likaorodhesha faili zilizomo, likalinganisha orodha hiyo na ile ya dakika iliyotangulia, kisha likapeleka tofauti kwenye kompyuta ya pili: faili mpya ilinakiliwa, iliyobadilika ikanakiliwa upya, na iliyokosekana ikafutwa upande wa pili. Folda yangu ya picha ilikuwa kwenye diski ya nje, na siku moja waya wa diski hiyo ukalegea. Mfumo endeshi uliiondoa diski, lakini njia ya folda ilibaki palepale, kwa kuwa kwenye Linux mahali pa kupachikia diski ni folda ya kawaida tu, na diski ikiondoka hubaki folda tupu. Programu ikaja kwa zamu yake, ikafungua folda, ikakuta hamna kitu, ikahitimisha kwamba mwenye mali amefuta kila kilichokuwamo, na kwa utiifu wa hali ya juu ikaenda kufuta nakala zote kwenye kompyuta ya pili. Ilipomaliza, iliandika kwenye ukurasa wake kwa rangi ya kijani: "Folda zinalingana."

Na kweli zilikuwa zinalingana, kwa maana zote mbili zilikuwa tupu. Picha hazikupotea, kwani diski ilipopachikwa tena zilikuwamo zote. Kilichoninyima usingizi ni ule ujumbe wa kijani. Programu haikuwa imekosea hesabu. Ilikuwa imechukua kutoona kwake ikakufanya kuwa habari, na ikaitangaza habari hiyo bila haya.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja, nalo ndilo lililonileta mbele yenu: programu isiyotazamwa na mtu lazima itofautishe kati ya "najua kwamba haipo" na "sijui", na ukurasa wake lazima uwe tayari kulitamka hilo la pili. Kunakili baiti kutoka hapa kwenda pale ni kazi ya alasiri moja. Kutenganisha kujua na kutojua ndiko kulikonichukua miaka.

Dawa ya kosa lile ni nyepesi kiasi cha kunitia aibu. Unapoisajili folda kwa mara ya kwanza, weka ndani yake alama ndogo iliyofichika, na kila kabla ya kuanza kuchunguza, itafute alama hiyo kwanza. Ikikosekana, usiguse chochote, simama na useme kwamba folda haionekani. Programu ya Syncthing, mradi ulioanza mwaka 2013 na ambao msimbo wake uko wazi kwa kila atakaye kuusoma, inafanya hivyohivyo kwa folda ndogo iitwayo .stfolder. Nilipoiona huko nilicheka, maana nilitambua kwamba sikuwa wa kwanza kuchomolewa waya.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe. Tuchukue kompyuta mbili, moja ya mezani na nyingine mpakato. Ya mezani ina faili iitwayo ripoti, mpakato haina. Je, programu ifanye nini? Anayefikiri kwamba kusawazisha ni kunakili atajibu upesi kwamba faili ipelekwe kwenye mpakato. Lakini huenda faili hiyo ilikuwapo pande zote mbili jana, na asubuhi hii mwenyewe ameifuta kwenye mpakato. Katika hali hiyo kuipeleka ni kumfufulia mtu kitu alichokizika kwa mikono yake. Ukizitazama pande mbili peke yake, hali hizo mbili zinafanana kabisa, na hakuna ujanja wa kuzitenganisha. Hapo ndipo unapohitaji shahidi wa tatu, ambaye ni kumbukumbu ya hali ya mwisho ambayo pande zote mbili zilikubaliana. Kama faili imo katika kumbukumbu na haipo kwenye mpakato, basi ilifutwa. Kama haimo katika kumbukumbu, basi imezaliwa kwenye kompyuta ya mezani. Unison, programu iliyotokana na kazi ya Benjamin Pierce na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, imejengwa juu ya msingi huo: kila upande huhifadhi picha ya makubaliano ya mwisho, na mabadiliko hupimwa kwa kulinganishwa nayo.

Kwa hiyo moyo wa programu hii ni hifadhidata. Mimi nilichagua SQLite, kwa kuwa inakaa ndani ya faili moja, haihitaji seva yake, na umeme ukikatika katikati ya kuandika inajua kurudi kwenye hali yake ya mwisho iliyokamilika. Ndani yake kila faili ina mstari wenye jina, ukubwa, wakati wa mabadiliko, hashi ya yaliyomo (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za faili, nayo hubadilika baiti hizo zikibadilika), na historia fupi ya nani aliibadilisha. Kumbukeni pia kwamba hifadhidata hii yenyewe inaweza kupotea au kuharibika, na ikipotea programu inarudi kwenye ujinga wa siku ya kwanza. Ikianza bila kumbukumbu hairuhusiwi kufuta chochote. Inaunganisha tu, faili za huku na faili za kule, na kumwachia mwenyewe kazi ya kupalilia. Ni heri mtu apate faili kumi asizozihitaji kuliko kukosa moja anayoihitaji.

Faili inapofutwa, mstari wake haupaswi kufutwa. Unabaki kama kaburi lenye jina na tarehe, ili kifaa kilichokuwa kimezimwa kikirudi na faili ile mkononi kiambiwe kwamba imekwisha kuzikwa. Swali linalowasumbua wengi ni lini kaburi lenyewe liondolewe. Ukiliondoa baada ya siku 90, kifaa kitakachorudi siku ya 91 kitaileta faili ile kana kwamba ni mpya, na mwenyewe ataona mzuka. Nilifanya hivyo mwanzoni, nikawaona mizuka wengi. Siku hizi kaburi linaondolewa tu pale ambapo kila kifaa kilichosajiliwa kimekiri kwamba kimepata habari, na kifaa kisichoonekana kwa muda mrefu kinaletwa mbele ya mwenyewe kwenye ukurasa: kifaa hiki hakijaonekana kwa siku 200, je, kiondolewe kwenye orodha? Programu haiwezi kujua kama mpakato ule umeibwa, umeharibika au umewekwa tu kabatini. Anayejua ni mwenye mpakato, basi aulizwe yeye.

Tukigusa historia ya mabadiliko tunagusa suala la saa, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo wanapoangukia hata wahandisi wazoefu. Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kulinganisha wakati wa mabadiliko na kuiacha faili iliyo mpya zaidi ishinde. Lakini saa za kompyuta mbili hazilingani. Moja inaweza kuwa nyuma kwa sekunde chache, na nyingine, ambayo betri yake ndogo ya ubao imekufa, ikawaka asubuhi ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Mfumo wa faili wa FAT, ambao bado unatumika katika diski nyingi ndogo za mfukoni, huhifadhi wakati wa mabadiliko kwa hatua za sekunde mbili, hivyo faili ileile ikinakiliwa huko na kurudi huonekana imebadilika ilhali haijaguswa. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha kwamba katika mfumo wa kompyuta nyingi tunachohitaji hasa ni kujua tukio gani lingeweza kusababisha jingine, na kwamba hilo halihitaji saa ya ukutani bali hesabu ya matukio. Mwaka 1983 watafiti waliokuwa wakishughulikia mifumo iliyotawanyika walieleza vekta za matoleo, na mpaka leo sijaona chombo bora zaidi kwa kazi yetu.

Nitaionyesha kwa nambari. Faili yetu ya ripoti inabeba nambari mbili, moja ya kompyuta ya mezani na moja ya mpakato. Tuseme sasa ni 3 na 1, maana yake ni kwamba ya mezani imeibadilisha mara tatu na mpakato mara moja. Ukiihariri kwenye kompyuta ya mezani, inakuwa 4 na 1. Mpakato wenye 3 na 1 ukiiona hiyo, unajua bila shaka kwamba ni mtoto wa toleo lake, kwa kuwa hakuna nambari iliyopungua, na unaipokea. Lakini kama mtandao ulikatika na wewe ukaihariri pande zote mbili, kompyuta ya mezani itakuwa na 4 na 1, mpakato utakuwa na 3 na 2. Hakuna inayoizidi nyingine kwa nambari zote. Huo ni mgongano wa kweli, na uzuri wa njia hii ni kwamba unaugundua, wakati ile ya saa ingemtangaza mshindi na kuzika kazi ya mtu bila kumwambia.

Ukishaugundua, usijifanye hakimu. Acha matoleo yote mawili, moja likibaki na jina lake na jingine likipewa jina lenye tarehe na utambulisho wa kifaa lilikotoka, kisha mwarifu mwenyewe. Niliwahi kujaribu kuunganisha faili za maandishi mstari kwa mstari bila kumuuliza mtu, nikijiona mwerevu. Matokeo yake yalikuwa faili ya usanidi ambayo hakuna mtu aliyeiandika na hakuna programu iliyoweza kuisoma. Niliuondoa msimbo ule wote, na sijawahi kuukumbuka kwa huzuni.

Tumekwisha kuzungumzia kumbukumbu. Sasa tuone programu inapataje habari. Kupitia folda nzima kila dakika, kama nilivyofanya mwanzoni, huchosha diski na kumaliza betri. Mifumo endeshi inatupa njia ya kujulishwa: Linux ina inotify, iliyoingizwa katika kiini chake mwaka 2005 katika toleo la 2.6.13, macOS ina FSEvents, na Windows ina yake. Msomaji wa haraka hudhani kwamba hapa tatizo limekwisha. Halijaisha. Inotify hutazama folda moja moja, si mti mzima, kwa hiyo lazima uweke mlinzi kwenye kila folda ndogo, na kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kwa mtumiaji mmoja kilikuwa walinzi 8,192. Folda mpya ikizaliwa, faili zinaweza kuingizwa ndani yake kabla hujapata nafasi ya kumweka mlinzi, na za hapo hutaambiwa. Juu ya hayo, matukio hupangwa kwenye foleni ambayo kwa kawaida hubeba 16,384. Ikijaa, kiini hakikungoji, kinayatupa matukio yanayofuata na kukuachia ujumbe mmoja kwamba foleni imefurika. Ujumbe huo ni kiini cha mfumo kinachokiri waziwazi kwamba hakikuambii yote, na programu nyingi nilizosoma huupuuza. Kwetu sisi ndio ujumbe wenye thamani kuliko yote, kwa kuwa unatuvusha kutoka upande wa kujua kwenda upande wa kutojua. Ukiupata, anza uchunguzi kamili, na wakati huohuo ondoa rangi ya kijani kwenye ukurasa.

Kwa hiyo arifa ni za kuharakisha kazi, na uchunguzi kamili ndio wa kuaminiwa. Mimi huufanya mara moja kwa saa, na kila programu inapowashwa. Uchunguzi wenyewe hauhitaji kusoma kila baiti: ukubwa na wakati wa mabadiliko vikiwa vilevile, faili inaachwa, vikitofautiana, inasomwa na kupigiwa hashi upya. Na tukio likija, usilikimbilie. Programu nyingi za kuandikia haziiandiki faili moja kwa moja, bali huandika faili ya muda kando, hufuta au kubadili jina la ile ya zamani, kisha huipa ya muda jina la asili, yote ndani ya kufumba na kufumbua. Atakayeitikia kila hatua atafuta faili upande wa pili na kuirudisha papo hapo. Subiri sekunde kadhaa mpaka kishindo kitulie, ndipo uangalie hali ilivyo.

Kuhusu usafirishaji nitapita haraka, maana vitabu vimejaa habari zake. Faili hukatwa vipande, kila kipande kikapigiwa hashi, na vile tu vilivyobadilika husafirishwa. Faili ya gibibaiti moja ikikatwa kwa vipande vya kibibaiti 128 (kibibaiti moja ni baiti 1,024) hutoa vipande 8,192, na kwa hashi ya SHA-256 yenye baiti 32 kila moja, orodha nzima ina kibibaiti 256, mzigo mdogo kwa mtandao wowote. Udhaifu wa vipande vilivyokatwa kwa kipimo kisichobadilika ni kwamba ukiingiza herufi moja mwanzoni mwa faili, kila kipande kinachofuata kinasogea na kuonekana kipya. Andrew Tridgell na Paul Mackerras walilitatua hilo katika rsync, programu ya kunakili faili kati ya kompyuta, mwaka 1996 kwa hesabu nyepesi inayoteleza baiti kwa baiti, ikitafuta vipande vya zamani popote vilipohamia, na hashi nzito ikitumiwa tu pale ile nyepesi inapodai imepata. Kama faili zenu nyingi ni picha na video, ambazo hazihaririwi katikati, msijisumbue nayo.

Kuandika faili inapofika ni jambo la adabu zaidi kuliko kasi. Usiandike kamwe juu ya faili ya mwenyewe. Andika kando, kwenye diski ileile, kwa jina la muda; thibitisha hashi ya kilichoandikwa; uombe mfumo endeshi ukifikishe kwenye diski yenyewe na si kwenye kumbukumbu ya muda tu; kisha, kabla ya kubadili jina, angalia tena kama faili ya asili bado ni ileile uliyoijua. Hatua hii ya mwisho inasahaulika sana. Upakuaji wa faili kubwa unaweza kuchukua dakika ishirini, na ndani ya dakika hizo mwenyewe anaweza kuwa ameifungua na kuihariri. Majina nayo yana vituko vyake: Windows haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza ndani ya jina la faili, na kwa kawaida Windows na macOS huona "Ripoti" na "ripoti" kuwa kitu kimoja, wakati Linux huviona viwili. Faili mbili halali zinazotoka Linux zikifika huko, ya pili itaimeza ya kwanza. Programu isiyoliangalia hili itafuta bila kujua kwamba imefuta.

Nifike sasa kwenye ukurasa wa wavuti, ambao wengi huuchukulia kuwa pambo la mwisho. Sababu ya kuuchagua badala ya dirisha la kawaida ni ya kiutendaji: programu ya chinichini mara nyingi huendeshwa kwenye mashine isiyo na skrini, na kivinjari kipo kila mahali. Basi programu inafungua seva ndogo ya HTTP, lugha ambayo vivinjari hutumia kuomba kurasa, kwenye anuani 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yenyewe kwa yenyewe, na waandishi wengi hujiambia kwamba hapo hakuna wa kuwafikia, kwa hiyo nenosiri la nini. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Kivinjari kinachofungua ukurasa wako ndicho kinachofungua kurasa za watu wengine, na ukurasa wowote wa nje unaweza kukiagiza kivinjari hicho kitume ombi kwa 127.0.0.1. Ombi la kuondoa folda, kwa mfano. Lipo pia shambulio ambalo mwenye tovuti ya nje hubadili anuani ya jina lake katikati ya mchezo, ili jina lilelile ambalo kivinjari kilikuwa kikiliamini sasa lielekee kwenye kompyuta yako, na hapo anaweza hata kusoma majibu. Kinga zake zinajulikana: kagua jina la mwenyeji lililoandikwa kwenye kila ombi na ukatae lolote usilolitambua, kila ombi linalobadilisha kitu lidai tokeni ya siri ambayo ukurasa wako pekee umepewa, na mtu akitaka kuufikia ukurasa kutoka mashine nyingine, usimruhusu mpaka aweke nenosiri na mawasiliano yasimbwe kwa TLS, njia ya kuyaficha ili asiyehusika asiyasome. Programu hii inaweza kusoma na kufuta faili zote za mtu. Mlango wake si wa kuachwa nusu wazi.

Kimuundo, ukurasa usimiliki chochote. Hali yote inakaa kwenye programu, na ukurasa ni dirisha linaloweza kufungwa wakati wowote bila kitu kusimama. Kila badiliko ninalipa nambari inayopanda, na ukurasa unakumbuka nambari ya mwisho iliyoufikia. Mawasiliano yakikatika na kurudi, unasema "nilifika 5,120", nayo programu inaupa yaliyofuata, au ikiwa imekwisha kuyatupa, inauambia uanze upya kwa picha nzima. Mmeona kwamba ni tatizo lilelile la kusawazisha, kwa udogo. Na wakati mawasiliano yamekatika, ukurasa usiendelee kuonyesha rangi ya zamani. Nimeona kurasa zilizobaki kijani siku mbili baada ya programu yenyewe kufa, kwa sababu tu hakuna aliyeziambia zibadilike.

Kuhusu maneno ya kuonyesha, nilianza na mawili, "inalingana" na "inasawazisha", nikaishia na matano. "Inalingana" sasa huandikwa tu uchunguzi kamili ukiwa umefanyika ndani ya saa iliyopita, foleni ikiwa haijafurika, na kifaa cha pili kikiwa kimekiri hali ileile. Na pembeni yake huandikwa wakati wa uchunguzi huo, ili msomaji apime mwenyewe. "Inasafirisha" huonyesha faili zilizobaki kwa idadi na kwa baiti, kwa kuwa asilimia peke yake hudanganya: faili elfu moja ndogo zikishapita na kubaki moja kubwa, mtu ataona 99 kwa saa nzima na kudhani programu imekwama. "Inachunguza" na "haifikiki" hayahitaji maelezo. La tano ni "sijui", na chini yake sababu kwa lugha ya kawaida: alama ya folda haionekani, au nimekataliwa ruhusa ya kusoma faili hizi saba, na zenyewe zikatajwa. Mwenzangu mmoja alinishauri niliondoe neno hilo kwa sababu linawatia watu hofu. Nililiacha. Hofu ya kwamba faili saba hazijasomwa ni hofu halali, na mtu mwenye hofu hiyo huenda kurekebisha ruhusa.

La mwisho ni majaribio. Majaribio ya mfano mmoja mmoja hayatoshi, kwa kuwa makosa ya programu hii hukaa katika mpangilio wa matukio ambao hakuna mtu angeufikiria. Nimeandika mashine ya fujo: vifaa vitatu vya kubuni, kila kimoja kikiunda, kikihariri, kikibadili majina na kufuta bila mpango, mtandao ukikatwa na kurudishwa ovyo, programu ikiuawa katikati ya kuandika. Mwisho wa kila mzunguko fujo husimamishwa, vifaa hupewa muda, kisha huulizwa mambo mawili: je, vyote vina vitu vilevile, na je, kila maandishi yaliyowahi kuandikwa na ambayo hakuna aliyeyafuta kwa makusudi bado yapo mahali fulani? Namba ya kuanzishia bahati nasibu huhifadhiwa, ili mzunguko ulioshindwa uweze kurudiwa hatua kwa hatua.

Usiku wa tatu mashine hiyo ilinipata. Kifaa cha kwanza kilikuwa kimefuta faili iitwayo data na kuunda folda yenye jina hilohilo. Kifaa cha pili, kikiwa nje ya mtandao, kilikuwa kimeihariri faili ile. Vilipokutana, vekta zilisema ni mgongano, msimbo wangu ukajaribu kuipa faili jina la mgongano, lakini ukaangalia kwanza kama jina la asili linashikwa na kitu kilekile, ukakuta folda, ukadhani kazi imekwisha kufanyika. Maandishi ya kifaa cha pili yakapotea kimya, na ukurasa ukawaka kijani. Marekebisho yalikuwa mistari minne. Namba ya mzunguko ule ni 40,817, na bado naiendesha kila kabla ya kutoa toleo jipya.